Kutoka Kaloleni hadi University Way

Mpwa wangu ameitwa chuo kikuu mwaka huu, akataka kwanza aone mjomba wake alikokulia. Tukaanzia Kaloleni, jijini Nairobi.

Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, na maktaba yake ndogo bado ipo, imekarabatiwa ikapendeza. Enzi zetu tulikuwa wengi kuliko vitabu, basi watoto wawili walisoma kimoja. Mimi nilikuwa mzito. Mwenzangu alifunua ukurasa kabla sijafika chini, ikanibidi nijitungie kilichobaki. Wanaoniuliza nilijifunza wapi kuandika riwaya hutarajia nimtaje profesa fulani. Jibu langu huwavunja moyo.

Matatu ya kwenda mjini ilinaswa na foleni Landhies Road, karibu na Muthurwa. Mpwa wangu akatoa simu. Mimi nikatazama mikokoteni ikitupita. Utotoni tulikwenda kwa miguu, nauli tumeshailia mandazi.

Banda Street tukasimama mbele ya Maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika alingoja hadi uhuru ulipokaribia ndipo akaruhusiwa kusoma humo. Baba alifagia ofisi za jirani miaka hiyo, kwa hiyo simba aliwajua kwa nje tu. Siku aliponileta kuchukua kadi, alibaki kwenye ngazi. Nikamsihi tuingie wote.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nawachunga hawa."

Hakuwahi kuingia, mpaka anastaafu.

Chuo Kikuu cha Nairobi nilifika mwishoni mwa miaka ya 1980. Idara ya Fasihi ilikuwa zao la hoja ya 1968, pale wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo. Tunda lake nililionja mwenyewe: nilitumwa mashambani kurekodi ngano za nyanya, zikatahiniwa. Nyanya alicheka sana aliposikia kuna watu wanatoa alama kwa porojo zake za jikoni. Mihadhara mingine, niseme kweli, imenitoka kichwani.

Nilikuwa katikati ya maelezo hayo, hapo University Way, mpwa wangu aliponikata kauli.

"Mjomba, wanafunzi hula wapi kwa bei nafuu?"

Bei nilizozijua zimepitwa na wakati. Tukamuuliza bawabu, akatuelekeza Ngara.