Dedilifti si kuchuchumaa

Dedilifti ni zoezi la kushika chuma kirefu chenye sahani za uzito pande mbili kikiwa sakafuni, na kukiinua mpaka usimame wima. Kama umeanza kupiga tizi karibuni na kuna mtu amekwambia "dedilifti ni rahisi, chuchumaa tu halafu inuka kwa nguvu za miguu", naomba usimfuate kabla hujamaliza kusoma hapa. Ushauri huo nilipewa siku ya kwanza, nikaufuata miezi miwili, na nusura unitoe kwenye mazoezi moja kwa moja. Leo navuta kilo 95 mara tano, mwili wangu una kilo 68, na kiuno hakinisumbui hata nikikaa saa mbili kwenye daladala la foleni kutoka Mbagala.

Ubaya wa kuchuchumaa ni huu. Makalio yakishuka karibu na visigino, magoti yanakwenda mbele, na magoti yanakisukuma chuma mbele pamoja nayo. Chuma kikishakaa juu ya vidole vya miguu badala ya katikati ya wayo, mwili haukubali kukinyanyua kutoka pale. Makalio yanapanda kwanza peke yake, chuma bado kiko chini, miguu imeshanyooka, na mgongo ndio unaobaki kuvuta mzigo wote. Yaani aliyekuambia utumie miguu amekufanya utumie mgongo. Jaribu kwa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji: inyanyue ikiwa imegusa mguu wako, kisha uiweke hatua moja mbele yako na uinyanyue ikiwa huko huko. Maji ni yale yale, lakini kiuno kitakwambia tofauti.

Kinachotakiwa ni kuinamia nyonga. Mtazame mama aliyezoea kupanda mpunga, au anayefagia uwanja kwa fagio la chelewa. Magoti yamelegea kidogo, makalio yako nyuma, mgongo umelala kama ubao wa meza, na anaweza kukaa hivyo asubuhi nzima. Mkunjo wote uko pale paja linapokutana na tumbo. Hilo ndilo umbo la dedilifti, na wengi tumelikulia nyumbani bila kulitambua.

Sasa nisimulie siku ya kilo 60, maana makosa yote yalikutana siku hiyo. Jimu yetu ni ya uani, kama elfu mbili kwa siku, na vifaa vingi ni vya kutengeneza: bomba zito la chuma, na sahani za zege zilizomiminwa kwenye ndoo. Sina ugomvi na vifaa hivyo, watu wamejenga miili mikubwa kwavyo. Nilipakia sahani mbili zilizoandikwa 20 kwa rangi nyekundu, moja kila upande, na bomba nikalihesabu kilo 20, kwa sababu chuma rasmi cha mashindano ya wanaume kina kilo 20. Nikachuchumaa, nikatazama dari kama nilivyoelekezwa, nikavuta kwa mshtuko. Bomba lilibingirika mbele upana wa vidole vinne kabla hata halijaachana na sakafu. Makalio yakapanda. Upande wa kulia ukabaki chini, kiwiliwili kikajisokota kuufuata, nikasikia kitu kimekaza juu kidogo ya mfupa wa nyonga ya kulia, nikaachia. Siku nne nilipanda kitandani kwa magoti. Daktari alinikagua akaniambia ni msuli umevutika, akanitaka nitembeetembee na nisilale tu.

Nilipopata nafuu nilibeba zile sahani kwenye toroli hadi kwa muuza nafaka wa mtaani, mwenye mizani ya kupimia magunia. Moja ilikuwa na kilo 23, nyingine 18 na nusu, na bomba lenyewe kilo 11. Mzee akaniambia, "Mdogo wangu, hawa si ndugu." Kumbe nilikuwa navuta kilo 52 na nusu, tena upande mmoja ukizidi kwa kilo nne na nusu. Tangu siku hiyo kila sahani ninayoitumia nimeipima na kuiandika upya, na pande mbili hazipishani zaidi ya nusu kilo. Kama mnatumia vyuma vya kutengeneza, fanyeni kazi hiyo Jumapili moja, mtashukuru.

Kosa la pili lilikuwa kimo, na hili hakuna aliyewahi kuniambia. Sahani rasmi ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni, karibu na nusu ya ugoko. Sahani zetu za ndoo zina kipenyo cha 27, chuma kikakaa 13 na nusu tu. Zile sentimita tisa si jambo dogo. Misuli ya nyuma ya mapaja inafika mwisho wa kuvutika, nyonga haziwezi kukunjika zaidi, na njia pekee iliyobaki ya kukifikia chuma ni kupinda kiuno. Hata ungekuwa na kocha bora, kwa kimo kile ungepinda. Nilikwenda kwa fundi seremala, nikachukua vipande vinne vya mbao ya mbili kwa nne, kila kimoja kama nusu mita, nikavilaza viwili viwili kila upande, kimoja juu ya kingine. Sentimita kumi zikaongezeka, chuma kikapanda hadi 23 na nusu. Mwanzoni sahani zilikuwa zinabingirika na kuanguka kwenye mbao, nikapigilia vijiti vidogo mbele na nyuma ya pale zinapokaa. Usitumie matofali, yanapasuka uzito ukishuka juu yake.

Kabla ya kurudi kwenye chuma nilikaa wiki mbili na ukuta na mti wa ufagio. Unaupa ukuta mgongo, visigino viwe umbali wa wayo mmoja, unasukuma makalio nyuma mpaka yauguse. Yakigusa unasogea mbele kidogo na kurudia, mpaka utakapohisi nyuma ya mapaja inavutika kama kamba. Huo ndio mwisho wako wa leo. Mti wa ufagio unaulaza mgongoni, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno, uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na kifandugu. Ukiinama na mojawapo ikaachana na mti, umeshapinda. Nilifanya mara kumi asubuhi na kumi jioni, mke wangu akinitazama kwa ubavuni, kwa sababu mwenyewe huwezi kujiona.

Kwenye chuma, anza na miguu. Iwe upana wa nyonga, vidole vikielekea nje kidogo, na chuma kikae juu ya fundo la kamba za viatu, vidole viwili tu kutoka kwenye ugoko. Raba za kukimbilia zenye sponji ziache nyumbani, wayo unazama na kuyumba. Peku ni bora, au raba zenye soli bapa na ngumu. Inama, kishike chuma nje kidogo ya miguu bila kukisogeza. Sasa kunja magoti mpaka ugoko uguse chuma, na hapo hapo acha kushuka. Wengi wanaharibu hapa, wanaendelea kushusha makalio na chuma kinabingirika. Makalio yatakuwa juu ya magoti na chini ya mabega, na yatakaa pale yanapokaa kulingana na urefu wa miguu yako, usiige ya mwenzako.

Inua kifua, bana makwapa kama umewekewa kipimajoto, macho yatazame sakafu mita mbili hivi mbele. Vuta pumzi ijaze tumbo na mbavu za pembeni, kisha kaza kama mtu anayesubiri ngumi ya tumbo. Mwenye presha au ngiri azungumze na daktari kwanza, maana kubana pumzi namna hii kunapandisha presha kwa kasi. Halafu vuta polepole mpaka usikie bomba likigonga tundu la sahani. Mlio huo unakuambia kwamba mikono imenyooka na ulegevu umekwisha. Ndipo usukume sakafu kwa miguu, kifua na makalio vikipanda pamoja. Ukifika juu simama wima, bana makalio, basi. Wale wanaojirusha nyuma ili waonekane wamemaliza wanazigandamiza pingili za kiuno bila faida yoyote.

Kujua kama chuma kimebaki karibu na mwili ndiko kulikonisumbua kuliko yote, na hapa nilipata njia ninayojivunia. Nilinunua chaki ya ubaoni nikidhani itanizuia kuteleza. Haikusaidia: ile ya jimu ni magnesiamu kaboneti, inanyonya jasho, ila ya ubaoni ni jasi au chokaa na kwa joto la Dar inageuka tope kiganjani. Basi nikaipaka katikati ya bomba, nikavaa suruali nyeusi. Nikivuta mara moja naangalia alama. Mstari mweupe ukianzia ugokoni na kupanda hadi pajani, ukikatika kidogo tu kwenye goti, chuma kimepita njia yake. Mwanzoni wangu ulikuwa unakatika chini ya goti na kuonekana tena katikati ya paja, pengo la shibri nzima, na pengo hilo ndilo kiuno changu kilikuwa kinalilipia. Nilikazana kubana makwapa na kukiburuta chuma mguuni, na wiki ya tatu pengo lilikuwa limebaki upana wa vidole vitatu. Simu iliyoegeshwa ubavuni kwenye kimo cha nyonga inasaidia pia, lakini chaki inakujibu papo hapo.

Kushusha nako kuna utaratibu wake. Makalio yanarudi nyuma kwanza, chuma kinateleza mapajani, kikishapita magoti ndipo unayakunja. Ukiyakunja mapema chuma kitayagonga au kitayazunguka kwa mbele. Wanaobamiza chini na kudai wamenyanyua wajue kwamba hata sheria za mashindano ya kimataifa ya kunyanyua uzito kwa nguvu (powerlifting) zinataka mikono miwili ikiongoze chuma hadi sakafuni, la sivyo mnyanyuo haukubaliwi. Na kila mara kiache kitulie kabisa, pumua, jipange upya. Kudundisha kunakuibia ile sehemu ya kwanza uliyokuja kujifunza.

Nilianza na kilo 25 za kweli, seti tatu za mara tano, Jumatatu na Alhamisi, nikipumzika dakika tatu kati ya seti. Kila siku ya zoezi niliongeza kilo mbili na nusu. Kwa kuwa hatuna sahani ndogo, nilishona mifuko ya mchanga ya kilo moja na robo, nikaifunga kwa utepe mgumu pembeni ya zege ili isibembee. Iliponigomea kilo 70, nilishusha hadi 60 nikapanda upya. Imenichukua kama miezi saba. Mgongo ukianza kupinda mara ya nne, seti imekwisha, ya tano sivuti.

Mkanda sijavaa hadi leo. Mkanda hauzuii mgongo kupinda, unalipatia tumbo kitu cha kusukumia, na kama tumbo halijui kukaza hauna kazi. Viganja vyote vilinitazama mpaka kilo 75. Baada ya hapo nageuza kimoja kitazame mbele, seti hii kulia, inayofuata kushoto. Mkono uliogeuzwa lazima unyooke kabisa. Ukiukunja kiwiko uzito ukiwa hewani, kano ya msuli wa mbele wa mkono inaweza kukatika, na hiyo ni kazi ya upasuaji.

Maumivu ya makalio na nyuma ya mapaja siku moja hadi tatu baadaye ni ya kawaida. Yanayochoma kiunoni na kushuka mguuni kupita goti, au ganzi, au wayo kukosa nguvu, acha chuma ukamwone daktari. Ukishindwa kuzuia mkojo au ukapata ganzi sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.