Kumpima mama baada ya kiharusi: karatasi ya mistari kumi iliyomaliza ubishi nyumbani kwetu

Ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, kuna jibu moja utalisikia mpaka likuchoshe: "Anaendelea vizuri." Kaka yangu aliyeko Dar alikuwa akipiga simu, dada anamjibu hivyo, kaka anaridhika. Wiki hiyohiyo shangazi anatoka kumwona mama, anapanda Kibosho kuwatangazia watu kwamba yule basi tena, hawezi kitu. Wote wamemwona mama yuleyule. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja hapa Majengo, Moshi, namgeuza usiku, na katika maneno yao yote sikupata hata moja la kunisaidia kujua kesho nianze na nini.

Mama alipigwa upande wa kulia, mkono na mguu, na maneno yakawa hayatoki vizuri. Hospitali walimtibu, presha ikashuka, tukaruhusiwa. Tulichoambiwa mlangoni ni "mfanyisheni mazoezi". Mazoezi gani, kwa kiasi gani, tutajuaje kama yanafaa, hakuna aliyesema. Pengo hilo likajazwa na majirani: huyu analeta mafuta ya kuchua, yule anasema aliyepigwa kiharusi asiguse maji ya baridi, mwingine anaapa kwamba mkono usiporudi ndani ya miezi sita haurudi tena. Hili la mwisho ndilo lililonikera kuliko yote, maana lilisemwa mbele ya mama, naye alikuwa anasikia kila kitu.

Aliyetuokoa ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Moshi tuna bahati, hospitali ya KCMC pale ndiko wanakosomeshwa watu wa mazoezi na wa tiba kazi, yaani wanaomfundisha mgonjwa upya shughuli za kila siku, kwa hiyo ukiulizia hukosi kuelekezwa. Alikuja nyumbani, akamwamkia mama, akavuta kigoda. Hakuanza na mkono. Alianza na maswali: bibi anakula mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Haja ndogo inamtoka kabla hajafika? Akawa anajaza karatasi yenye mistari kumi.

Ile karatasi ni kipimo cha Barthel. Kilichapishwa mwaka 1965 na wanawake wawili wa Maryland, Marekani, daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa mazoezi Dorothea Barthel, waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa muda mrefu. Kinauliza mambo kumi: kula, kuoga, usafi wa uso na nywele, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Alama hazilingani. Kuoga mwisho ni 5, kutembea na kuhama kitandani ni 15 kila kimoja, jumla 100. Mama siku ile alipata 35.

Dada yangu alikasirika. "Mbona juzi alivaa gauni mwenyewe?" Yule mtaalamu akamjibu kwa upole jambo ambalo nimelishika mpaka leo: hatuandiki anachoweza siku akiamua, tunaandika anachofanya kila siku. Ukimsimamia na kumhimiza mpaka akavaa, wewe ndiye umemvalisha nusu. Andika 5, siyo 10.

Hapo ndipo ubishi wa nyumbani ulipoishia. Nilinunua kaunta buku, nikachora mistari kumi, na kila mwisho wa mwezi nikawa najaza kwa kuangalia siku mbili zilizopita. Kaka akipiga simu, namsomea. Hakuna tena "vizuri". Ni "choo 5, kutembea 0, haja ndogo imepanda". Alianza kutuma hela ya vitu maalumu badala ya hela ya pole, na tofauti yake ni kubwa.

Choo kilitutesa. Chetu ni cha kuchuchumaa, na mtu ambaye upande mmoja umelala hawezi kuchuchumaa. Jirani alitushauri tukate shimo kwenye kiti cha plastiki, akasema kila mtu anafanya hivyo. Tukakata. Siku ya kwanza kikakaa sawa. Siku iliyofuata sakafu ilikuwa na maji, mama akaegemea upande wake mzima, miguu ya kiti ikapanuka, na ule mkato wa shimo ukachanika mpaka kwenye mgongo wa kiti. Nilikuwa nimemshika kiunoni, vinginevyo tungerudi hospitali. Kukata lile shimo kunakiondolea kiti sehemu inayokibana miguu, ndiyo maana kinasambaa. Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaani, nikamchorea kwa mkaa sakafuni: kigoda kirefu kiasi cha goti la mama, miguu minne iliyotanuka kidogo chini, vipande vya tairi kuukuu vimepigiliwa kwenye nyayo zake, na mkono mmoja wa kushikia upande wa kushoto, ule mzima. Akaniuliza kwa nini mkono mmoja tu. Kwa sababu upande wa kulia ndiko tunakomwingizia, ukiwepo unatuzuia. Gharama haikuzidi sana bei ya mfuko wa simenti. Mstari wa choo ukatoka 5 ukafika 10, na mama akaacha kujizuia kunywa maji, kitu ambacho hatukuwa tumejua kwamba anakifanya.

Halafu kuna kumwinua. Tafadhali, msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea. Wageni wote walikuwa wanafanya hivyo kwa upendo kabisa, wanamshika kiganja, "haya mama inuka". Bega lililolegea misuli yake haina nguvu ya kulibana, mfupa unashuka kutoka mahali pake, na yale maumivu yakianza mgonjwa anagoma mazoezi yote. Mimi nilikunja kitenge kwa urefu, nikamfunga kiunoni juu ya gauni, fundo upande. Anayemwinua anashika kitenge. Nikawa nakiacha kimefungwa mchana kutwa, mgeni akiingia anakuta pa kushika.

Kula kulikuwa na jambo lake. Kwa kipimo, ukila mwenyewe kwa mkono wowote unapata 10. Mama angeweza kushika kijiko kwa kushoto tangu mapema. Lakini ni mwanamke wa Kibosho wa zamani, kula kwa kushoto mbele za watu hakumo kabisa katika malezi yake. Watu wakiwepo alikuwa anasema ameshiba. Tulidhani hana hamu ya chakula. Kumbe akiachwa peke yake na bakuli la mtori analimaliza. Niliandika 5, kwa sababu akiwa mezani na wengine hali chakula, na maisha ya mama yako mezani na wengine. Kisha nikatafuta njia ya kuurudisha mkono wa kulia. Nilizungushia mpini wa kijiko mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ukawa mnene kama mpini wa jembe la mtoto, vidole visivyokunjika vizuri vikapata cha kukumbatia. Chini ya bakuli kitambaa kibichi, lisiteleze. Alimwaga sana mwanzoni, tukala naye hivyohivyo bila kumwangalia.

Kuhusu ile miezi sita: ni kweli sehemu kubwa ya nafuu huja miezi ya mwanzo, lakini kusema mlango unafungwa siyo kweli. Marekani walifanya utafiti uitwao EXCITE, matokeo yakatoka mwaka 2006, kwa watu 222 waliopigwa kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla. Waliwafunika mkono mzima ili wautumie ule dhaifu, pamoja na mazoezi makali kwa wiki mbili, na mikono ikaboreka kuliko ya wale walioendelea na huduma ya kawaida. Walichagua watu ambao vidole na kifundo cha mkono vilikuwa bado vinacheza kidogo, kwa hiyo usimfunge mgonjwa wako mkono bila kumuuliza mtaalamu.

Mimi niliuliza, nikaruhusiwa, nikamvisha mama soksi nene mkono wa kushoto. Alikaa nayo asubuhi moja. Wakaja wanawake wa jumuiya kusali, akaivua kwa meno ili apate kuwapa mkono. Sikumlazimisha. Nikamletea ungo wa maharage. Ungo unashikwa na mkono wa kushoto, hawezi kuuachia, maharage yatamwagika. Kwa hiyo mawe na mabovu lazima yatolewe na kulia. Hakuna aliyemwambia "fanya mazoezi, mama". Alikuwa anachambua maharage ya nyumba yake, kama alivyofanya miaka yote. Vidole viwili vya kwanza vilianza kubana. Mwanzoni alikuwa anasukuma jiwe mpaka ukingoni na kulidondosha, baadaye akawa analinyanyua. Nilikuwa natupia mawe ya ziada akiwa amelala, namficha. Siku aliponigundua alicheka sana, akasema neno zima, "mwongo", bila kukwama.

Mtoto wa dada, anayesomea uuguzi, alinisomea utafiti wa India uliotoka mwaka 2017, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Ndugu walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani, na baada ya miezi sita hali za wagonjwa hao hazikuwa bora kuliko za wale wa huduma ya kawaida. Sikulala vizuri usiku ule. Lakini nilichokipata humo ni kwamba ndugu peke yake hatoshi kuchukua nafasi ya mtaalamu, kwa hiyo nikaendelea kubana hela ili yule dada wa mazoezi awe anarudi kumkagua mama na kubadilisha mazoezi. Huku kwetu hilo ni zito zaidi. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, ukachapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kati ya walionusurika kiharusi na kubaki wamepooza upande mmoja, wanaohitaji kusaidiwa ni wengi kuliko walioonekana katika tafiti za nchi tajiri. Ninawajua watu hao. Wako migombani, wamelazwa chumba cha ndani, na ndugu wanasema wanaendelea vizuri.

Mstari wa ngazi ulinisumbua, maana nyumba yetu haina ngazi. Tulitumia zile za kanisani, baada ya misa watu wakishatoka. Kupanda: mguu mzima unatangulia. Kushuka: ule dhaifu unatangulia. Bado anahitaji mtu kando yake, kwa hiyo ni 5. Kuoga bado 0, simwachi peke yake na ndoo ya maji ya moto.

Leo jumla ni 90. Shangazi ameacha kutangaza. Lakini nawasihi msiishie kwenye hiyo namba. Wale wanawake wa Maryland wenyewe waliandika kwamba mtu anaweza kupata 100 na bado asiweze kupika, kutunza nyumba wala kuchangamana na watu. Maana ya 100 ni hiyo tu, kwamba hahitaji mtu wa kumhudumia mwili. Na kuongea hakumo kabisa kwenye ile mistari kumi! Mama mwenye 90 alikuwa bado anakaa kimya kwenye kikao cha vikoba, yeye aliyekuwa mweka hazina.

Kwa hiyo nyuma ya daftari nimemchorea mama ukurasa wa pili, na safari hii mistari ameichagua yeye, kwa kunyoosha kidole na kwa maneno machache. Kumenya ndizi za kiburu. Kuhesabu chenji sokoni bila kuharakishwa. Kutaja majina ya wajukuu wote. Kusema kitu kimoja kwenye vikoba. Alama nimeweka tatu tu: hafanyi, anafanya akisaidiwa, anafanya. Chenji ameshaanza. Majina ya wajukuu yanapatikana, ila wawili anawabadilisha. Pembeni ya ukurasa huo kuna safu ya dawa za presha, asubuhi kwa asubuhi, na mama anaweka alama ya vema mwenyewe kwa mkono wa kulia, kalamu ikiwa imezungushiwa kile kipande cha tyubu kilichobaki.