Hotrodi ya ndege ya kivita: ribiti kwanza, rangi baadaye

Ukikaa Kusini mwa California hutachelewa kuziona: Ford za 1928 hadi 1932 zisizo na bampa wala madigadi, injini iko wazi, bodi imeshushwa karibu na lami. Hizo ndizo hotrodi za asili, yaani magari ya zamani yaliyofanyiwa kazi ili yaende kasi. Baadhi zimevishwa sura ya ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili, na mtu aliyekulia Nairobi akiona matatu zinavyopambwa hawezi kushtuka kuona boneti lenye meno ya papa. Shida ni kwamba wengi huanzia kwenye meno.

Wazo hili halikutoka kwa wapaka rangi. Lilitoka kwenye skrepa. Mwaka 1946 Bill Burke alichukua tangi la mafuta la galoni 165, lile la kuning'inizwa chini ya ndege ya P-51, akaligeuza bodi ya gari la mbio za kwenye ziwa lililokauka. Mwaka huohuo Alex Xydias alitoka Jeshi la Anga akafungua duka la So-Cal Speed Shop pale Burbank, mji uleule ambao kampuni ya Lockheed ilikuwa ikiunda ndege ya P-38, na baadaye naye akaunda gari kwa tangi la ndege hiyo. Viti, mikanda, swichi na geji za ndege ziliuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu serikali ilikuwa ikiondoa mabaki ya vita, na waliozinunua ni vijana waliokuwa wametoka kugonga ribiti, zile pini za kuunganisha mabati ya ndege, viwandani. Kwa hiyo anayekagua gari la namna hii huangalia kwanza jinsi vitu vilivyoungwa. Rangi huiangalia mwisho.

Kabla ya chuma, karatasi. Kwenye Ford Model A, ile ya 1928 hadi 1931, namba imegongwa juu ya reli ya kushoto ya chesisi, sehemu ambayo kwa kawaida hufunikwa na bodi, na ndiyo inayopaswa kulingana na hati ya umiliki. Muuzaji akikwambia hati "ilipotea lakini inapatikana kirahisi", jua unauziwa mbuzi kwenye gunia. Gari lililoundwa kwa vipande husajiliwa California kama gari la kuundwa, na nafasi za kuliondoa kwenye kipimo cha moshi cha kawaida ni 500 tu kwa mwaka kwa jimbo zima. Hugawiwa kuanzia mwanzoni mwa Januari. Majimbo mengine yana taratibu zao, basi uliza ofisi ya usajili ya kwako kabla hujalipa hata senti.

Chesisi ya Model A ni nyembamba, iliundwa kubeba injini ya nguvu za farasi 40. Ukiweka V8, injini ya silinda nane, bila kuiimarisha itajipinda, milango ianze kugoma kufungika. Funga reli kwa ndani kwa bamba la inchi 1/8, reli zikiwa zimebanwa kwenye meza iliyonyooka. Chomelea inchi moja, ruka, nenda upande wa pili, rudi. Anayechomelea mstari mzima kwa mkupuo mmoja anapata reli yenye umbo la ndizi. Pima kona kwa kona kila baada ya hatua. Tofauti ikizidi inchi 1/16, simama uirekebishe hapohapo.

Mbele weka ekseli ya I, yaani yenye umbo la herufi hiyo, iliyoshushwa inchi 4. Ukigawanya wishboni, ile mikono miwili inayoshika ekseli, hakikisha ekseli ni ya I na si ya bomba. Wishboni zikishagawanywa, gurudumu moja likipanda tuta ekseli hulazimika kujisokota. Ya I inakubali, ya bomba inakataa na kupasua mahali wishboni ziliposhikwa. Kasta, yaani mlalo wa kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) kuelekea nyuma, iwe digrii 5 hadi 7, na magurudumu yaelekeane kwa ndani kati ya inchi 1/16 na 1/8. Usukani ukitetemeka kwenye kilomita 60 kwa saa, usikimbilie kununua damper ya kuzuia mtetemo: angalia kingpini zilizolika, kasta ndogo na tairi zisizo duara, kwa utaratibu huo. Tairi za zamani zenye nyuzi za mshazari, 5.00-16 mbele na 7.50-16 nyuma, ndizo zenye sura, ila hufuata mifereji ya barabara. Usizichanganye na za radial.

Breki za Model A ni za fito. Zitoe. Ford ilianza kutumia haidroliki mwaka 1939, na ngoma za 1939 hadi 1948 hukubali kufungwa kwenye ekseli ya zamani kwa kazi kidogo ya bushi. Silinda kuu ikikaa chini ya sakafu, inakuwa chini kuliko silinda za magurudumu, mafuta yanarudi na pedali inazama. Dawa yake ni valvu ya kubakiza shinikizo ya paundi 10 kwa breki za ngoma. Ya paundi 2 ni ya diski, na dukani zinakaa rafu moja, kwa hiyo soma maandishi.

Injini ya asili ya hotrodi ni flathedi V8, ambayo valvu zake ziko ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda. Chukua 59AB ya 1946 hadi 1948 au 8BA ya 1949 hadi 1953. Zote ni inchi za ujazo 239. Kranki ya Mercury ya 1949 hadi 1953 ina safari ya pistoni ya inchi 4 badala ya 3¾, na ikiingia kwenye 8BA unapata 255 bila kupanua silinda.

Flathedi huchemka, na sababu iko kwenye maumbile yake: moshi wa egzosi hupita ndani ya bloku, katikati ya maji, ndipo utokee ubavuni. Joto ambalo injini nyingine hulitupa nje, hii hulitia kwanza kwenye maji. Ongeza mchanga uliobaki tangu bloku ilipomiminwa kiwandani na kutu ya miaka 70 iliyoganda kwenye njia za maji, ndipo utaelewa kwa nini rejeta kubwa peke yake haisaidii. Bloku ichemshwe kwenye tangi la dawa, njia za maji zichokonolewe kwa waya mpaka zitoke safi, kisha ipimwe nyufa kwa njia ya sumaku, hasa kati ya kiti cha valvu na silinda. Fanya hivyo kabla ya kumlipa fundi wa kukereza. Bloku iliyopasuka hapo mara nyingi ni ya kutupa. Ukiweka hedi za alumini usitumie maji ya bomba matupu, zitaliwa.

Kabureta mbili za Stromberg 97 zinatosha sana. Zinataka mafuta kwa shinikizo la paundi 2.5 tu. Pampu za umeme za kisasa hutoa mara mbili ya hapo na zaidi, sindano inashindwa kufunga, petroli inamwagika juu ya manifoldi yenye moto. Regyuleta ya kupunguza shinikizo si ya hiari.

Sasa egzosi. Ndege ya P-40 ina injini ya Allison V12, silinda sita kila upande, na vijibomba vyake vifupi ubavuni ndivyo kila mtu anataka kuviiga. Flathedi ina matundu matatu tu kila upande, kwa kuwa silinda mbili za katikati hutumia tundu moja. Ukibandika vijibomba sita, vitatu ni vya uongo na kila anayejua atavihesabu. Weka vitatu, vikate kwa mshazari kama vya ndege, kisha moshi uupeleke kwenye sailensa chini ya sakafu. Majirani wa huku hawachelewi kupiga simu polisi.

Fitingi za ndege, zile za AN (kiwango cha Army-Navy cha Marekani), zina koni ya digrii 37. Bomba la breki la gari hupanuliwa kwa digrii 45. Nati zinaweza kushikana, ukakaza ukaona sawa, na baada ya wiki panavuja. Amua mfumo mmoja kwa gari zima na ununue kifaa chake cha kupanulia mabomba. Namba ya AN ni sehemu za 16 za inchi: AN-6 ni bomba la inchi 3/8.

Hapa kwenye alumini ndipo fundi wa Kamukunji ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam aliyehamia huku ana faida, maana mkono wa nyundo anao tayari. Kinachobaki ni vipimo. Bati la ndege halisi ni aloi ya 2024-T3: gumu, zuri kwa paneli bapa, lakini ukilikunja kwa kona kali linapasuka. Kwa boneti na sehemu za mviringo tumia aloi laini ya 3003-H14 ya unene wa inchi 0.050 au 0.063. 2024 iache kwa dashibodi na ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na abiria.

Ribiti za kawaida kwa kazi hii ni AN470AD4, kipenyo inchi 1/8. Kidoti kidogo kilichozama katikati ya kichwa ndicho alama ya aloi ya AD. Tundu lake ni drili namba 30. Urefu unaoutaka ni jumla ya mabati yote pamoja na mara moja na nusu ya kipenyo. Mfano: bati la 0.050 juu ya 0.063 ni 0.113, ongeza 0.187, unapata 0.300, kwa hiyo chukua ile ya 5/16, yaani AN470AD4-5. Umbali kutoka ukingoni usipungue mara mbili ya kipenyo, na kati ya ribiti na ribiti acha inchi 1/2 hadi 3/4. Shika mabati kwa kleko, vile vibanio vya muda, za rangi ya shaba, hizo ndizo za 1/8. Za fedha ni za 3/32. Toboa yote, fungua, ondoa ncha kali pande zote mbili, paka praima, funga tena. Hatua ya kufungua ndiyo watu huiruka, na vumbi la chuma linalobaki katikati huinua bati, ribiti ikajaa pale kati badala ya kukaza.

Kugonga ni kazi ya watu wawili: mmoja na bunduki ya hewa, mwingine nyuma na chuma kizito. Anza na shinikizo dogo, kama paundi 25, upandishe taratibu. Kichwa cha nyuma kikitoka na upana wa inchi 3/16 na urefu wa 1/16 umemaliza. Kikilala upande, mwenye chuma hakukishika wima. Kikiwa bapa kama sarafu umezidisha. Itoboe uitoe, usiipige tena. Na mstari uwe na maana: kwenye ndege ribiti hufuata mbavu za ndani, basi kwenye gari zifuate fremu iliyo chini. Ribiti zilizotawanywa popote ni mapambo ya krismasi.

Alumini ikigusa chuma kitupu itaoza. Zamani walitumia zinki kromati, ile ya kijani-njano; ina kromiamu inayosababisha saratani. Tumia praima ya epoksi, juu yake rangi yenye kivuli kilekile.

Kiti cha alumini chenye matundu kinapendeza, lakini bolti zake zipite sakafu zishike fremu, na mkanda ufungwe kwenye chesisi. Mikanda halisi ya vita iache ukutani, nyuzi zake zimekwisha. Geji za zamani zina hatari nyingine: namba zake zilipakwa radiamu. Hata kama haziwaki tena gizani, kilichochoka ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usizifungue, usizikwangue, na yenye kioo kilichovunjika usiinunue. Ukipata geji ya shinikizo la manifoldi iliyo safi, iunganishe kwa kibomba kwenye manifoldi: injini ikiwa imezimwa itasoma karibu inchi 30 za zebaki, ikiunguruma taratibu itashuka hadi kama 12. Ni geji moja ya ndege inayofanya kazi ya kweli ndani ya gari.

Kwenye rangi, chagua kikosi kimoja na mwezi mmoja, usichanganye. Mdomo wa papa kwenye P-40 ulianza na Skwadroni ya 112 ya Uingereza huko Afrika Kaskazini mwaka 1941, kisha ukaigwa na Flying Tigers, marubani wa kujitolea wa Kimarekani chini ya Claire Chennault, waliopigana Burma na China mpaka Julai 1942. Ndege zao zilikuwa kahawia na kijani, rangi za Kiingereza, si kijani-zeituni cha Kimarekani. Mistari ya uvamizi wa Normandy, iliyopakwa ili ndege za Washirika zitambulike, ni ya Juni 1944: mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja inchi 18 kwenye ndege ya injini moja. Ukiihamisha hivyo hivyo, inchi 90 zitafunika zaidi ya nusu ya gari. P-51D ina urefu wa futi 32 na ushee, gari lako kama 12. Punguza hadi inchi 7 kwa mstari. Mistari hiyo pamoja na mdomo wa Flying Tigers ni miaka miwili tofauti kwenye gari moja.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kuna chaguo ambalo Wamarekani hulisahau: ndege za kivita aina ya Thunderbolt za Uingereza kule Burma, kuanzia 1944, wakati Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wazee wetu wa Keya (King's African Rifles), ilikuwa ikisukuma kupitia Bonde la Kabaw. Kahawia na kijani, mikanda myeupe ya utambulisho puani na mkiani, na duara la bluu mbili lisilo na nyekundu, ili zisidhaniwe za Wajapani. Gari la namna hiyo halina papa wala msichana aliyechorwa nusu uchi, kwa hiyo hata kanisani unaliegesha bila maneno.

Kabla ya kukata bati nenda makumbusho ya Planes of Fame pale Chino, uchukue futi na kamera. Soko la vipuri la Pomona liko jirani. Na gari likishatembea maili 50 za kwanza, lipandishe, kaza upya yu-bolti za ekseli, bolti za wishboni na nati za magurudumu, kisha angalia kama hedi zinatoa jasho.