Barua pepe itoke, simu ibaki

Wateja wangu wengi ni biashara za watu ishirini hadi hamsini: mawakala wa kutoa mizigo huku Mombasa Road, Nairobi, wenye malori, wauza vifaa vya ujenzi Industrial Area. Siku hizi wote wana swali moja. Mashine ya barua pepe na ya simu ikae ofisini kwetu, au tukodi huduma ya mtandaoni na kulipia kila mwezi? Jibu langu huwaudhi wauzaji wa pande zote mbili, maana mimi hugawa: barua pepe itoke, simu za ndani zibaki.

Kwa barua pepe sina huruma kabisa. Kuweka seva, yaani hiyo mashine ya barua pepe, si kazi. Programu zake, Postfix na Dovecot, ni za bure na kijana aliyetulia atazimaliza wikendi moja. Kazi ni kuifanya Gmail ikuamini. Faiba ya ofisi ndogo mara nyingi huja na anwani ya IP (namba inayotambulisha ofisi yako mtandaoni) inayobadilika, na anwani za aina hiyo huwa kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, ya zile zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Unatuma kotesheni ya saruji, inarudi na namba 550, yaani imekataliwa. Au hairudi, na hapo ndipo pabaya: imelala kwenye spam ya mnunuzi, naye keshanunua kwingine. Basi uombe IP ya kudumu, umbembeleze mtoa huduma akuwekee rekodi ya PTR inayofunga IP hiyo na jina lenu, kisha SPF, DKIM na DMARC, rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kamba. Hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM.

Halafu kuna viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya programu. Machi 2021 seva za Exchange, programu ya barua pepe ya Microsoft, zilizokaa maofisini zilivamiwa dunia nzima, ilhali waliokuwa Exchange Online, ile ya kukodi, hawakuguswa na mianya ile. Tarehe 14 Oktoba 2025 matoleo ya 2016 na 2019 yakafika mwisho wa kuhudumiwa.

Nilimweleza hayo mzee mmoja wa malori. "Dada," akasema, "hiyo mashine haijawahi kunisumbua." Iko chini ya ngazi, karibu na jiko la chai, feni imevaa vumbi kama sweta. Stima ikipotea UPS, betri yake ya akiba, inalia, na mama wa chai ndiye anayejua kitufe cha kuinyamazisha. Huyo ndiye idara nzima ya IT.

Lakini mzee alikuwa na hoja moja nisiyoweza kuipuuza: dola. Huduma ya kukodi hulipiwa kwa dola. Chukua akaunti arobaini kwa dola sita kila moja, ni dola 240 kwa mwezi. Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160, hizo ni shilingi 38,400. Ilipotua karibu 130 mwaka huo huo, zikawa 31,200. Barua ni zile zile, bili inacheza yenyewe. Dawa niliyompa ni kupunguza vichwa. Dereva hahitaji akaunti kamili, na anwani kama info@ au accounts@ zinaweza kuingia kwenye sanduku la mtu ambaye tayari analipiwa.

Na intaneti ikikatika? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na mtandao Nairobi ukatambaa. Wenye seva zao ndani waliendelea kuandikiana wao kwa wao, na haki yao wanicheke. Ila barua husubiri. Seva inayotuma hujaribu tena na tena, kwa kawaida hadi siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa. Simu haisubiri hata dakika.

Ndiyo maana simu naiacha ndani. Ukikodi mtambo wa simu ulioko Ulaya, mhasibu wa ghorofa ya chini akimpigia mtu wa stoo ghorofa ya juu, sauti yake huenda ikasafiri hadi huko na kurudi. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inashauri kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150, na safari hiyo inazila karibu zote. Mnaanza kuongea kwa pamoja, kila mtu "hallo, hallo". Asterisk, programu ya mtambo wa simu, ni ya bure, kompyuta ndogo inatosha, na swichi ya PoE inapeleka stima kwenye simu kupitia waya ule ule wa mtandao. UPS moja inabeba vyote. Sharti langu ni moja: mlango wa mtandao namba 5060, unaotumiwa na mtambo huo wa simu, usiachwe wazi kwa intaneti nzima, la sivyo wezi watapiga namba za ng'ambo za bei ghali usiku kucha na bili uletewe wewe.

Kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, usidhani kukodi kunakuvua mzigo. Taarifa za wateja wako zikivuja na kuwaweka hatarini, ni wewe wa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Na kabla ya kuhamisha chochote, angalia .co.ke yenu, yaani jina lenu la mtandaoni, imesajiliwa kwa jina la nani. Nimekuta kampuni yenye malori, yadi na wakili wake, lakini jina la mtandaoni ni mali ya kijana aliyewatengenezea tovuti. Sasa yuko Qatar na hapokei simu. Huyo mtafuteni kwanza, seva baadaye.