Gitaa lililoshukia Segera

Pale stendi ya Magufuli, Mbezi, kijana wa mizigo aliniambia nikate tiketi mbili. "Kaka, hilo likalie siti, ukae nalo ubavuni kama shemeji." Nikacheka. Nikamwambia gitaa halili wala halichungulii dirishani, liende kwenye buti na mizigo mingine. Hakubishana. Akalipokea begi, begi lenyewe la turubai tu, akalisukuma ndani kichwa kikitangulia.

Naanzia hapo makusudi, kwa sababu kwa siku tatu zilizofuata nilikuwa nasimulia mkasa huu nikianzia Segera. Ukianzia Segera, makosa yote ni ya kondakta.

Safari ilikuwa ya kazi. Bendi yetu inapiga roki, tena ya Kiswahili, na tulialikwa kupiga Jumamosi usiku kwenye bustani moja kule Raskazone, Tanga. Wenzangu walitangulia Alhamisi na gari la rafiki, na ngoma na spika zao. Mimi nilibaki kumalizia kibarua, nikapanda basi Ijumaa asubuhi. Chalinze, daraja jipya la Wami, Mkata, Kabuku: sina la kusema, nililala.

Niliamka Segera, pale njia inapogawanyika, wa Korogwe na Moshi wanashika kushoto na wa Tanga kulia. Basi lilisimama. Nikanunua mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari kwenye kimfuko, nikala dirishani huku nikiwatazama vijana wakishusha mabelo ya mitumba kutoka kwenye buti la upande wangu. Mwenye mzigo, mama wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni, alikuwa anahesabu kwa kidole. Vijana walikuwa na haraka na dereva alikuwa anapiga honi. Niliona yote. Nilikuwa naona gitaa langu likishuka, na mdomoni nina yai.

Baada ya Segera ni mkonge, kisha mkonge tena. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai huku Tanga ilikuwa 62. Yale mashamba yote ya baadaye yalitokana na hiyo 62. Niliwahi kuisoma habari hiyo, nikaikumbuka dirishani nikajisemea huo ndio usafirishaji wa ovyo kuliko wote. Sikujua begi langu muda huo liko wapi.

Muheza tukanunua machungwa. Kange, buti likafunguliwa, likatolewa sanduku, ndoo ya rangi, magunia mawili, na basi. Kondakta akainama akamulika kwa simu hadi kwenye pembe za ndani, kama mtu anayetafuta sindano. "Begi la gitaa? Mimi begi la gitaa sikuliona, braza." Ofisini kwao nikaambiwa mzigo ambao haukukatiwa risiti hawautambui. Risiti sikuwa nayo, nilikuwa nimeona ni kupoteza hela.

Usiku ule sikula. Wenzangu walinipa pole mpaka zikanichosha. Tanga, mji wa waja leo waondoka leo, na mimi nimekuja leo bila kitu cha kunileta.

Saa kumi na mbili asubuhi simu ikaita.

"Wewe ndo mwenye gitaa?"

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Marahaba. Liko huku Korogwe. Nimekuta karatasi ya tangazo lenu ndani, ndo ina namba. Ila limevunjika. Njoo ulichukue, na usije ukasema ni mimi."

Nilipanda Coaster ya kwanza. Sokoni Korogwe sikuhitaji kuuliza sana, maana kila muuza mitumba alikuwa ameshazijua habari za gitaa. Nilimkuta yule mama wa kanga ya kiunoni amekaa juu ya belo ambalo halijafunguliwa, na begi langu amelilaza juu ya rundo la nguo za watoto, zipu wazi.

"Usiku sijalala, baba," akasema. "Nilikuwa naliona kama nimeletewa maiti."

Kichwa cha gitaa kilikuwa kimelala nyuma. Hakikuwa kimekatika kabisa: kilining'inia kwa nyuzi zake sita na kwa ngozi nyembamba ya rangi nyeusi upande mmoja. Pale penye ufa mbao ilikuwa nyeupe, mbichi, kama muhogo uliovunjwa kwa mikono. Nilikigusa, nyuzi zikalia kidogo, mama akashika kifua.

Vijana walikuwa wamelipanga chini ya mabelo kwenye pikapu ya kumalizia safari. Belo moja la mitumba ni kilo 45. Yalikuwa mangapi juu yake sikuuliza. Nilitoa hela ya shukrani, akaikataa, akasema kama nataka kumshukuru ninunue nguo. Nikanunua shati la maua makubwa, ambalo ndilo nililovaa jukwaani usiku ule, nikipiga gitaa la kuazima la kwaya moja, kwa sharti kwamba lirudi kanisani kabla ya ibada ya kwanza. Onyesho lilikwenda vizuri. Nadhani. Mimi nilikuwa nafikiria muhogo uliovunjika.

Jumatatu, wenzangu walipoondoka, mwenyeji wetu alinipakia nyuma ya baiskeli (huu ni mji wa baiskeli, usione aibu) akanipeleka Ngamiani, kule barabara zinakoitwa kwa namba. Tuliacha mafundi wa simu, tukaacha wa redio, tukasimama kwenye karakana ya vitanda. Milango ya mninga imeegemezwa nje, maranda yamejaa hadi barazani. Ndani, mzee wa kofia ya kiua na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mgonjwa?"

Alikuwa amewahi kutengeneza udi na fidla za vikundi vya taarab, enzi Black Star na Lucky Star zikitamba mji huu. Na magitaa pia, maana Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz ilikuwa na magitaa mengi na mafundi wachache. Sasa anatengeneza vitanda, kwa sababu watu hawaachi kulala.

Nikaanza kumsimulia. Segera, yai, kondakta, ofisi. Alinisikiliza huku amelipakata gitaa, anapinda kichwa chake taratibu, anachungulia ufa kwa upande. Nilipomaliza akauliza:

"Nyuzi ulizilegeza?"

"Lini?"

"Kabla ya kulifungia kwenye begi."

Sikuwa nimezilegeza. Nani anakumbuka? Nilikuwa nimepiga mazoezi usiku wa kuamkia safari, nikalitia begini likiwa limekazwa tayari kwa kazi.

Akanisogeza karibu na mlango, penye mwanga. Kwa kucha ya kidole gumba akanifuatishia mistari ya mbao. Inakuja imenyooka na shingo, inafika pale kichwa kinapoinamia nyuma, halafu haipindi. Inaendelea na safari yake, inatokea nje upande wa pili. "Mti hauna habari kwamba umeambiwa ukate kona," akasema. Na papo hapo, kwenye kona, ndipo palipotobolewa tundu la kuingizia spana ya kukaza ule mtalimbo wa chuma ulio ndani ya shingo. Kwa hiyo mbao imekatwa mshazari na imetobolewa. Langu si Gibson, wale watengeneza magitaa wa Marekani, ni la kuigiza umbo la gitaa lao liitwalo Les Paul, lakini waliliiga mpaka ugonjwa wake. Magitaa ya aina hiyo yakianguka chali huvunjika hapohapo.

Nyuzi sita zikikazwa sawasawa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 45. Hilo nilikuwa nalijua mimi, si yeye. Nilimwambia mwenyewe, na neno lilipokuwa linanitoka nikasikia ni uzito wa belo moja kamili. Belo moja nililiweka mimi, kutoka ndani. Mzee hakusema kitu. Akavuta stuli akakaa.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutofanya kazi. Alinikataza kuugusa ufa kwa vidole, kwa sababu ya mafuta ya mkono. Hakupiga msasa, alisema ukipiga msasa umetupa meno ambayo yangekutana. Alitoa nyuzi zote, akaupuliza ufa, akaufunga mkavu bila gundi ili aone kama unarudi kwao. Ukarudi, ukabaki mstari mwembamba kama unywele. Ndipo akanituma duka la dawa kununua bomba la sindano.

Gundi ya mbao aliizimua kwa matone machache ya maji, akaivuta kwenye bomba, akaisukumiza ndani ya ufa huku akiufungua na kuufunga, kama anayelisha mtoto mdomo. Kila akifunga, gundi ilitoka upande wa pili kwa vishanga vidogo vyeupe. "Ikitoka kote, imefika kote." Akafuta kwa kitambaa kibichi. Juu na chini akaweka vipande viwili vya mbao alivyovichonga kufuata mpindo, vimevikwa nailoni ya mfuko wa sukari visigande. Klampu hakutumia. Alichukua mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe mrefu, akauvuta hadi ukawa mwembamba, akazungusha, akavuta, akazungusha, mpaka shingo ikawa imefungwa kama mguu wenye bandeji. Klampu inabana sehemu moja, alisema, mpira unabana kote sawa.

Upepo wa bahari hauna haraka na gundi. Akaniambia nirudi Jumatano.

Sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nilikuwa narudi kila siku kunywa naye kahawa. Jumanne nikamsimulia habari za Peter Frampton, mpiga roki wa Uingereza. Gitaa lake jeusi, Gibson Les Paul ya mwaka 1954, ndilo analolipiga kwenye picha ya jalada la albamu yake ya mwaka 1976 iliyouzwa mamilioni. Mwaka 1980 lilipakiwa kwenye ndege ya mizigo kule Venezuela, ndege ikaanguka, watu wakafa. Frampton akajua limeteketea. Kumbe lilitoka motoni, likavuka hadi kisiwa cha Curaçao, na mwaka 2011 akarudishiwa mkononi, shingoni lina alama za moto.

Nilitarajia ashangae miaka 31. Mzee akafunika kikombe kwa mkono, nzi wasiingie.

"Huko kisiwani lilikuwa na mtu?"

"Lilikuwa na mtu."

"Analipiga?"

"Nadhani."

"Basi halikupotea sana," akasema. "Na zile alama za moto alizifuta?"

"Hapana. Zipo mpaka leo."

Akatikisa kichwa kukubali, kikazi, kama fundi anayesikia fundi mwenzake kafanya sawa.

Jumatano akafungua mpira. Mstari ulikuwepo, lakini ukipitisha ukucha haukwami. Mimi nilikuwa nimeridhika, yeye bado. Alichimba kwa patasi nyembamba mifereji miwili kukatisha ufa, akaichomeka vibanzi viwili vya mninga, mistari yake ikifuata shingo, kusudi sasa kuwe na mbao inayokata kona kwa niaba ya ile iliyoshindwa. Siku nyingine ikapita. Vibanzi vikarandwa vikawa sawa na mgongo wa shingo, vyekundu juu ya rangi nyeusi, vinaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara.

Nikamuuliza kama anaweza kupaka rangi nyeusi ili pasionekane. Nilikuwa namfikiria mnunuzi, maana gitaa lenye kovu bei yake huporomoka.

"Rangi ninayo," akasema. "Nikipaka, halafu ufa ukaanza kufunguka tena, utajuaje?"

Nikakosa jibu. Akapaka vanishi tu, mikono miwili, akanitoza hela ambayo sitaitaja kwa sababu nilimwongezea na bado naona aibu. Fundi redio wa jirani akalehemu waya uliong'oka kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa spika, kazi ya dakika kumi. Nikaweka nyuzi mpya, nikazikaza kidogokidogo, mzee amesimama pembeni anasikiliza. Hasikilizi muziki. Anasikiliza mbao. Ilipofika nyuzi zote sita na hakuna kilicholia vibaya, akaniambia nipige.

Nikapiga solo la zamani la dansi badala ya roki, kwa heshima ya nyumba. Alicheka meno yote, akarudi kwenye kitanda chake.

Ijumaa, Kange, nikakata tiketi mbili. Nyuzi nilikuwa nimezilegeza usiku, zote sita, mpaka zikawa zinalala juu ya mbao kama kamba za kuanikia. Gitaa likakaa dirishani, mimi kando.

Muheza akapanda mama na mtoto wa miaka minne hivi, basi limejaa. Mama akasimama kwenye njia. Hakuniomba. Alilitazama tu lile begi lililokaa siti. Nikalipakata, nikasogea dirishani, mama akakaa, mtoto akabanwa katikati yetu. Zipu ilikuwa wazi kidogo. Tulipolipita shamba la kwanza la mkonge mtoto aliingiza kidole akavuta uzi mmoja. Ukatoa mlio wa kamba iliyolowa.

"Mama," akasema, "bovu hili."