Kitabu cha picha na tabia njema: maneno yasubiri kwanza

Mwalimu anafika ukurasa wa mwisho, anauliza: "Tumejifunza nini?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja, "Tusiwe wachoyo!" Jibu hilo walikuwa nalo hata kabla kitabu hakijafunguliwa, na mapumziko yakifika kila mtu anaficha muhogo wake.

Kazi inaanzia kwenye kuchagua kitabu. Hapa Uganda wengi hukimbilia hadithi za Sungura mjanja, ambaye kwa Luganda huitwa Wakayima. Ni tamu, watoto wasinyimwe, ila Sungura hushinda kwa hila! Tena, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana. Waliosomewa yenye picha za watu waligawa stika zao zaidi kuliko mwanzo. Waliosomewa hadithi hiyohiyo yenye wanyama, hapana. Kuhusu ukweli, utafiti wa 2014 ulioongozwa na Kang Lee, mwanasaikolojia wa chuo hichohicho, ulionyesha kwamba hadithi za mwongo kuadhibiwa hazikuwafanya watoto waseme kweli. Iliyosaidia ni ya mtoto aliyekiri kosa akasifiwa. Kwa hiyo tafuta kitabu chenye watoto, na wema uonekane ukizaa matunda. Tovuti ya African Storybook ina vya bure, kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine zetu, na unaruhusiwa kuvichapisha.

Darasa likiwa kubwa, ligawe: watoto kumi hadi kumi na wawili mkekani, nusu duara, la sivyo wa nyuma wanasikia tu. Shika kitabu ubavuni, ufunike maneno kwa karatasi. Tuseme pichani mtoto ameshika chapati, mwenzake amesimama nyuma. Uliza: "Huyu wa nyuma anatazama wapi? Moyoni anasikiaje?" Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi tano, hapo ndipo walimu wengi hushindwa, wanajijibu wenyewe. Mmoja akisema, "Aile haraka asiombwe," usimkaripie. Ukimkaripia, kesho atakupa jibu unalolitaka wewe. Muulize tu, "Na mwenzake je?" Ndipo ufunue maneno usome.

Kitabu kimoja kisomwe siku tatu. Ya tatu wasimulie wao.

Na mtoto akiiba penseli leo, usitoe kitabu cha wizi leo hiyohiyo. Darasa litamtazama yeye badala ya picha, na kitabu kitageuka fimbo. Penseli irudi kwa mwenyewe bila kelele. Kitabu kisomwe wiki ijayo.