Jinsi nilivyotatua kosa la namba duali katika Julia

Programu yangu niliyoiandika kwa Julia, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilikokotoa thamani ya fomula bila shida, lakini kila nilipoikabidhi kwa ForwardDiff, maktaba ya Julia ya kukokotolea derivative, ili nipate kiwango cha mabadiliko (derivative) cha fomula hiyo, ilikwama ikilalamika kwamba haiwezi kugeuza Dual (namba duali, yaani yenye sehemu mbili) kuwa Float64 (namba ya kawaida ya desimali). Hapo ndipo nilipong'amua kwamba ForwardDiff hutumia namba duali kwelikweli: badala ya x hupitisha x + ε, ambapo ε² ni sifuri, hivyo x² pale x ilipo 3 hutoa 9 + 6ε, na hiyo 6 ndiyo kiwango cha mabadiliko kinachotafutwa. Mimi, kwa uzembe, nilikuwa nimeandaa safu ya majibu kwa zeros(n), ambayo hupokea Float64 pekee. Nilipoandika zeros(eltype(x), n), yaani safu ifuate aina ya namba zilizomo ndani ya x, safu ikazipokea namba za aina zote mbili, za kawaida na duali, na kosa likaisha.